Kabla ya kuchagua meli, muulize Mama

Nilipotea kidogo, nimerudi. Kulikuwa na safari ya kupanga, na kupanga safari ya watu watano wa ukoo mmoja ni kazi kuliko kuripoti Bunge la bajeti. Safari yenyewe ilikuwa ya meli ya kitalii, zile meli ndefu kama mtaa mzima, ambazo zikifika Unguja mji wote unajua tangu alfajiri kwamba leo kuna wageni. Mimi sikwenda, nitaeleza mbele kwa nini. Lakini nilikuwa mjumbe wa kamati tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na nimetoka na msimamo ambao nataka niuseme kabla haujapoa: watu wengi wanaopanga safari hizi wanaanzia pasipo. Wanaanza na meli, wanakuja bei, halafu tarehe. Wanaokwenda wanakumbukwa mwisho, pesa ikiwa imeshalipwa.

Najua kuna atakayesema, wewe bwana, mshahara wa mwandishi wa habari unajulikana, leo unatuletea habari za meli za kitalii? Ni kweli. Lakini angalia ukoo wako mwenyewe. Siku hizi karibu kila ukoo una mtu Reading, Houston au Muscat, na mtu huyo akipata nafuu kidogo kitu cha kwanza anachofikiria ni kumfurahisha mama yake. Na hata kama wewe safari yako ni ya Mafia na marafiki sita, kasheshe nitakazozieleza hapa utazikuta huko huko.

Ilianza Februari 2024. Dada yangu ni nesi huko Reading, Uingereza. Ameolewa na Mkenya wa Mombasa, na wana kijana mmoja wa miaka 14. Mama anaishi Mwanza, mimi niko Dar. Mwaka ule Mama alikuwa anatimiza miaka 65 na ilikuwa imeshakubalika kwamba atakwenda kumwona mjukuu. Dada akaona tangazo: siku saba, kutoka Southampton kwenda Norwei na kurudi, pauni 799 kwa kila mtu. Picha zilionyesha milima imesimama ndani ya bahari na maporomoko ya maji, na watu wazima wenye mvi wamekaa kwenye viti virefu wanakunywa chai. Akafungua kundi la WhatsApp, akaniingiza mimi na Shemeji, akatuonya: Mama asijue chochote. Iwe zawadi ya kushtukiza.

Wote tukafurahi. Dada akaniuliza, na wewe utakuja? Nikaandika neno moja ambalo kila Mtanzania analijua: "Nitajipanga."

Tuanze na hiyo bei. "Pauni 799 kwa kila mtu" maana yake ni watu wawili chumba kimoja. Ndivyo kampuni karibu zote za meli hizi zinavyotangaza. Ukiwa peke yako chumbani, mara nyingi unalipa karibu sawa na watu wawili, yaani unamlipia mtu ambaye hayupo. Sisi tulikuwa watano. Watano kwa wawili wawili, mmoja anabaki. Dada akaona suluhisho ni rahisi: yeye na mumewe, kijana wao awe na kitanda cha tatu humo humo, halafu mimi na Mama chumba cha ndani kabisa kisicho na dirisha, kwa sababu ndicho cha bei ya chini.

Hebu fikiria. Mimi mtu mzima wa miaka 29, nilale wiki nzima chumba kimoja na mama yangu, vitanda vimeachana kwa hatua moja, choo kiko miguuni. Kwa Wazungu labda si kitu. Kwetu sisi Mama angekubali kwa midomo, halafu angelala na kitenge chake usiku kucha wiki nzima, na asingepumzika hata siku moja. Na Shemeji naye, yule bwana wa heshima za Kimombasa, alishaanza kuuliza kwa upole kama chumba cha mama mkwe kitakuwa ukuta mmoja na chao. Kuta za vyumba vya meli si za matofali. Mambo haya huwezi kuyaona kwenye tangazo, na aliyechora ramani ya meli hakumfikiria mkwe wa mtu.

Kwa hiyo tukahitaji vyumba vitatu, na mmoja wetu alipie kitanda kitupu. Ongeza bakshishi, ambazo kampuni nyingi huzikata kwa kila mtu kwa kila siku. Ongeza intaneti, ambayo mara nyingi inauzwa peke yake. Ongeza vinywaji, na hapa pana jambo la kuchekesha: kwenye baadhi ya kampuni, mtu mzima mmoja wa chumba akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wote wa chumba kile lazima wanunue. Sasa mchanganye mnywaji na asiyekunywa chumba kimoja uone. Shemeji hanywi, na chakula chake lazima kiwe halali, na hilo unawaambia kampuni wiki kadhaa kabla, huanzi kumuuliza mhudumu usiku wa kwanza wakati nyama imeshafika mezani.

Halafu pasipoti. Dada ana pasipoti ya Uingereza, na kijana pia. Shemeji bado ana ya Kenya. Mimi na Mama tuna za Tanzania. Meza moja ya familia, pasipoti za nchi tatu. Kwa Dada, Norwei ni mahali unapoamka asubuhi ukafika. Kwetu sisi watatu Norwei ni viza ya Schengen, maana ingawa haimo kwenye Umoja wa Ulaya, iko ndani ya mipaka ya Schengen. Ada ilikuwa euro 80, ikapanda kuwa 90 Juni 2024. Mimi na Mama tulihitaji na viza ya Uingereza pia, ambayo mwaka ule ilikuwa pauni 115. Ukinyimwa, hurudishiwi. Na kitu ambacho ndugu zetu wa nje wanakisahau kabisa: Schengen huombwi ukishafika Uingereza kama mgeni. Kwa kawaida unaiomba nchi unakoishi. Mama angefika Reading bila hiyo viza, basi meli ingeondoka Southampton na yeye angebaki gatini akipunga mkono.

Dada hakufanya hivyo kwa ubaya. Mtu akishapata pasipoti ya kwenda kila mahali anasahau kwamba dunia ina milango. Nami ningesahau.

Hapo ndipo zawadi ya kushtukiza ilipokufa kifo chake. Huwezi kumwombea mtu viza kimya kimya. Lazima atoe alama za vidole, lazima ajibu anakwenda wapi na kufanya nini. Kamati ikaamua mimi ndiye nikamwambie Mama, kwa kuwa nilikuwa na kazi Mwanza mwezi Aprili.

Nilimkuta uani anachambua mchele. Nikamweleza kwa mbwembwe zote, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akatazama. Akaendelea kuchambua mchele. Kisha akaniuliza, "Na kulala ni humo humo?" Nikamwambia ndiyo Mama, usiku saba. "Na nchi kavu mtu anaiona?" Nikamweleza kwamba kuna siku nzima ya kukata bahari kwenda, na nyingine kurudi, lakini katikati hapo ni milima tu. Akanyamaza. Mwisho akasema, "Mwambie dada yako ahsante sana, Mungu ambariki. Nyie nendeni. Mimi nitabaki, kuna mtu lazima abaki na nyumba."

Nikadhani ni ile adabu ya wazazi ya kukataa mara ya kwanza. Nikamsukuma kidogo, akabadilisha mazungumzo. Jioni nikampigia Mama mdogo, yuko Bukoba, nikamwambia dada yake anakataa zawadi. Mama mdogo akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza, "Hivi ninyi watoto hamjui mjomba wenu alikufa wapi?"

Tunajua. Kila mtu wa kanda ya ziwa anaijua tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipopinduka ikiwa inakaribia Mwanza, na watu mamia wakafa majini. Mjomba alikuwa anakuja kwetu. Mimi nilikuwa mtoto wa mwaka mmoja, kwangu ni picha ukutani na jina kwenye sala. Lakini Dada alikuwa na miaka kumi. Nilipompigia usiku ule alilia, halafu akasema kitu ambacho nimekifikiria sana tangu siku hiyo. Alisema anaukumbuka msiba wote, anakumbuka mpaka nguo aliyovaa, ila hakuwahi kuviweka pamoja vitu hivi viwili. Kwake yeye, MV Bukoba ni msiba. Meli ya Norwei ni hoteli yenye bwawa la kuogelea.

Na kwa hesabu za kichwani ana haki. Si kitu kimoja. Meli hizi zina sheria kali. Baada ya Costa Concordia kugonga mwamba Italia Januari 2012 na watu 32 kufa, sheria za kimataifa zilibadilishwa, sasa abiria lazima waelekezwe mambo ya kujiokoa kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Dada alitaka kumtumia Mama maelezo yote haya, na video juu. Nikamzuia. Mama hajauliza swali kuhusu usalama wa meli za Southampton. Mama amesema hawezi kulala juu ya maji asipoiona nchi kavu. Hofu ya namna hiyo huibishii kwa takwimu, na hasa humbishii nayo mtu ambaye safari yenyewe inasemekana ni zawadi yake.

Hapa ndipo penye msimamo wangu, kama bado upo nami. Kuna kitu kinaitwa hitaji na kuna kitu kinaitwa matakwa, na kamati nyingi za safari zinavipigia kura pamoja. Mtu anasema "mimi goti langu haliwezi ngazi", mwingine anasema "mimi napenda mahali penye disko", halafu mnahesabu mikono. Hapana. Goti halipigiwi kura. Pasipoti haipigiwi kura, wala sukari, wala hofu ya maji, wala mfuko mtupu, wala chakula halali. Hivyo vinatangulia vyote, vinawekwa mezani kabla jina la meli halijatajwa. Safari ianze kwa yule mwenye njia nyembamba kuliko wote. Akishapita yeye, wengine wote watapita, na hapo sasa leteni matakwa yenu mgawane kwa zamu.

Rafiki yangu mmoja hapa kazini ananipinga. Anasema ukimsikiliza kila mtu hamtafika popote, bora mmoja mwenye pesa aamue, wengine wafuate au wabaki. Namwelewa, tumekaa kwenye kamati za harusi pamoja, anajua ninavyojua. Lakini anachanganya. Sisemi kila mtu asikilizwe kwa kila kitu. Mapazia ya rangi gani, kiti cha dirishani, saa ya chakula, mwachieni mmoja aamue. Ila meli ina tabia moja ambayo harusi haina: ukishaondoka gatini umeondoka. Kwenye basi ukishindwa unashuka Morogoro. Kwenye bahari ya kaskazini unashuka wapi?

Na yapo mambo ambayo hata mwenye pesa hayajui kama hakuuliza. Bibi harusi mmoja ninayemfahamu alilipiwa safari ya Mediterania mwaka mzima kabla. Safari ilipokaribia alikuwa na mimba, na kampuni nyingi hazimpandishi mjamzito aliyefikia wiki ya 24. Wakahesabu wiki kwa vidole, kumbe zimepita. Au chukua kisiwa cha Santorini kule Ugiriki, ambacho kwenye picha kila mtu anakitaka. Meli kubwa hazifungi gatini pale. Zinasimama majini, unateremshwa kwenye boti ndogo, halafu mji uko juu ya jabali: unapanda kwa kigari kinachoning'inia kwenye waya, ambacho foleni yake ni ndefu, au kwa punda, au kwa ngazi zinazokaribia mia sita. Ukiwa na mzazi mwenye goti bovu umemnunulia tiketi ya kuitazama Santorini kwa mbali. Kuuliza swali moja tu, "meli inafunga gatini au tunateremshwa kwa boti?", ni bure kabisa.

Sasa kuhusu yangu. Nimekwisha sema mfuko mtupu ni hitaji, na mimi ndiye nilikuwa nao. Kuanzia Februari hadi Aprili niliandika "nitajipanga" mara sijui ngapi. Dada alikuwa anapiga hesabu za vyumba akiniweka mimi ndani, anatafuta bei za watu watano, anamwomba Shemeji afanye kazi za ziada za usiku, na mimi nilijua tangu siku ya kwanza kwamba sina na sitakuwa nayo. Kwa nini sikusema? Aibu. Mwanaume, mwandishi, jina linaonekana gazetini, halafu useme huna pesa za kwenda birthday ya mama yako? Ni afadhali useme "nitajipanga" ukiomba itokee dharura kazini.

Baada ya ile simu ya Mama mdogo niliona aibu ya aina nyingine. Mama alikataa kwa sentensi mbili, siku ile ile, bila kumpotezea mtu muda. Mimi nilikuwa nimewapotezea miezi miwili. Nikamwandikia Dada: sina, siendi, na usinilipie. Akanijibu, "Ungesema Februari ningekuwa nimeshalala." Na kweli, nilipojitoa hesabu ilikaa sawa yenyewe. Wakabaki wanne. Dada na Mama chumba kimoja, Shemeji na kijana wake kingine. Hakuna kitanda kitupu cha kulipiwa, na hakuna mkwe anayeogopa kukohoa usiku. Mtu wa tano aliyekuwa anatatiza kila kitu alikuwa mimi, na nilikuwa nimekaa kimya.

Basi Dada akafanya kitu ambacho kilipaswa kuwa cha kwanza. Akampigia Mama akamuuliza anataka nini. Mama hakuwa na maneno mengi. Alitaka kukaa na mjukuu wake bila kijana kutazama simu. Alitaka asitembee sana. Na akaongeza, kwa kujificha ficha, kwamba yeye hachukii maji, amekulia ziwani. Kama kuna kameli kadogo kanakopita pembeni, mtu anaona watu na nyumba zao, hako angepanda.

Hako kapo. Ulaya kuna meli za mtoni. Za mto Rhine huwa zinabeba abiria wasiofika 200, nchi kavu iko kulia na kushoto mchana kutwa, na baadhi yake usiku hufunga kwenye mji. Kwa kuwa zote wangepita Ujerumani tu, viza ni ile moja ya Schengen, hakuna kuingia na kutoka. Wakachagua usiku nne badala ya saba, kutokea Köln kupanda hadi Rüdesheim na kurudi, wiki ya mwisho ya Oktoba 2024 shule za Uingereza zikiwa likizo. Wakapita kile kipande cha kati cha mto, kuanzia Koblenz hadi Bingen na Rüdesheim, ambacho UNESCO ilikiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2002, ngome juu ya kila kilima.

Sitaki udhani meli za mtoni hazina matatizo. Kwanza, meli kubwa za baharini zina daktari na zahanati, hizi ndogo kwa kawaida hazina, tegemeo lenu ni hospitali ya mji wa jirani. Kwa Mama mwenye sukari hilo lilijadiliwa kwa siku tatu. Tuliona heri hospitali iliyo dakika kumi kuliko zahanati nzuri iliyo katikati ya bahari, lakini mwenye moyo mgonjwa anaweza kuamua kinyume, na awe na haki. Pili, miji yenye msongamano meli za mtoni hufungwa ubavu kwa ubavu, ukitaka kushuka unapita ndani ya meli ya jirani, pengine mbili, na ngazi zake. Lile goti! Dada aliwauliza kampuni kwa barua pepe, gati gani, ngazi ngapi, lifti inafika wapi, mpaka nadhani walimchoka. Tatu, mto hukauka. Agosti 2022 kipimo cha maji pale Kaub, kwenye Rhine hiyo hiyo, kilishuka chini ya sentimita 40, na mambo yakifika huko abiria wanaweza kujikuta wanamalizia safari kwa basi. Oktoba nako si salama kabisa, ila waliona ni heri.

Aliyebaki kufurahishwa ni kijana. Miaka 14, na yeye ndoto yake ilikuwa Icon of the Seas, ile iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, ghorofa 20, inaweza kupakia abiria wapatao 7,600, na ndani kuna bustani ya mabomba ya kuteleza majini. Unamwambia mtoto kama huyo habari ya meli yenye wazee mia moja na hamsini wanaotazama mashamba ya zabibu. Kwa kipimo changu hilo lilikuwa matakwa, si hitaji, lakini matakwa nayo lazima yapate zamu yake, la sivyo unamburuza mtu. Wakakubaliana hivi: watafika Köln mapema, siku moja yeye na baba yake wanakwenda Phantasialand, kiwanja kikubwa cha michezo kiko Brühl hapo jirani, wakati Mama anapumzika hotelini. Kwa malipo hayo, kwenye meli simu inakaa kwa Dada kuanzia chakula cha jioni. Kijana akatia sahihi.

Kufika siku moja kabla kulikuwa na faida yake pia. Meli haimsubiri aliyechelewa ndege. Na dawa za Mama zilikaa kwenye mkoba wake wa mkononi, hazikuwekwa kwenye sanduku, maana ukifika melini masanduku yanachukuliwa na yanaweza kukufikia chumbani baada ya saa kadhaa. Kwenye bima ya safari Dada aliandika sukari na goti, vyote viwili, ingawa bei ilipanda. Usifiche ugonjwa ili bima iwe nafuu. Wakigundua hawalipi.

Kitu kingine walichofanya ambacho nimekipenda: hawakuganda pamoja. Sisi tukisafiri kifamilia tunadhani lazima tutembee kama kundi la mbuzi, mmoja akienda msalani wote wasimame. Walikubaliana kukutana chakula cha jioni tu. Shemeji alishuka kila mji kupiga picha. Dada, aliyekuwa hajalala vizuri tangu shifti za usiku za Septemba, alilala. Mama na mjukuu walikaa juu kwenye viti wamejifunika blanketi moja, akimfundisha kuhesabu Kihaya kwa ngome zile.

Mimi nilichukua likizo yangu nikaenda Mwanza, kwa sababu kuna mtu lazima abaki na nyumba, na kuna kuku kumi na mmoja. Usiku wa pili Mama alinitumia ujumbe wa sauti. Nilimsikia akiongea chini chini, Dada amelala. Alisema meli imefungwa, dirishani anaona duka la mikate, na kuna mama mmoja anafunga milango ya duka. Alisema maji yanasikika kwa chini, lakini taratibu. Akanyamaza kidogo, akamtaja mjomba kwa jina, mara moja tu. Kisha akaniuliza kama kuku mwekundu ameshaanza kutaga, na kama nimekumbuka kufunga geti.